Bei Iliyomkwama Musoki

Musoki, jirani yangu hapa kijijini Kyondo, hana usingizi hata siku za kawaida. Mbwa akibweka, yeye yuko nje anatazama mbuzi. Basi fikiria hali yake mwaka 2014, alipoambiwa kwamba wageni kutoka mjini Kasese watakuja kutembelea shamba lake la kahawa. Alikonda kabla hawajafika.

Tatizo lilikuwa mumewe, Bwambale. Alitaka kuikata miti mikubwa inayotia kahawa kivuli, apande mikaratusi ya kuuza nguzo. Musoki alijua kahawa yake ikiachwa juani itakauka. Wakagombana wiki nzima, mpaka Bwambale akatoa sharti: wageni wakinunua kahawa, miti itabaki. Wasiponunua, Jumatatu shoka.

Bwana mmoja wa ushirika wa wakulima alimfundisha la kusema. Eti wanunuzi wa siku hizi wanapenda kitu kisichoharibu msitu, na watu wa Uganda nao watembelee nchi yao, wasiwaachie Wazungu. Musoki akayakariri hayo akipalilia, akipika, hata akioga. Nilimwambia atawachosha watu. Hakunisikia.

Jumamosi likaja gari zima la akina mama wa kanisa, wake za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, wengine Wakenya. Aliyewaongoza ni Adong, mke wa polisi anayekaa kambini. Musoki akasimama mbele yao shambani, na maneno yote yakamtoka kichwani. Akataja msitu mara mbili, akakwama. Wageni walikuwa wanafuta tope kwenye viatu.

Tukaingia uani, naye akawamiminia kahawa ya mkebe, ile ya unga wa kiwandani, aliyoinunua mjini Bwera kwa ajili yao. Msimcheke. Kwetu mgeni wa heshima hupewa kitu cha dukani. Kahawa ya nyumbani ni ya watu wanaokwenda kulima.

Adong alionja, akaweka kikombe chini. "Mama, hii ya mukebe hata kwangu iko," alisema. "Ya kwenu iko wapi?"

Musoki alikimbilia jikoni karibu kulia. Akakaanga kahawa kwenye kigae cha chungu, akaimwaga kinuni, akaanza kutwanga. Harufu ikatoka nje. Bila kuitwa, wale akina mama wakajazana jikoni, wakanyang'anyana mchi, wakicheka na kukohoa moshi. Mkenya mmoja alisema hajatwanga kitu tangu aondoke kwao. Msitu hakuna aliyeukumbuka. Kila mmoja alitaka kubeba ile aliyoitwanga mwenyewe, akawapikie watu wake na kuwasimulia ilikotoka.

Adong akauliza bei.

Bwambale alikuwa amesimama mlangoni. Nilimkodolea Musoki macho, nikiomba kimoyomoyo aseme tu, aseme lolote. Lakini watu walikuwa jikoni mwake, wameshika mchi wake. Kuwatajia bei pale aliona ni sawa na kuwafukuza.

"Mubebe tu," akasema. "Mugeni hatumulipishaka."

Wakabeba, wakashukuru sana, wakaondoka. Nilikasirika hata sikubaki kumsaidia kuosha vikombe.

Jumapili Musoki hakula. Jumatatu asubuhi niliposikia shoka nilikwenda kwake, nikamkuta ameketi kando ya kinu, macho makavu. Simu yake ikalia. Alikuwa Adong, na sauti yake ni kubwa, niliisikia vizuri.

"Ile ilikuwa ya wageni," alisema. "Sasa tunataka ya kununua. Watu mingi iko nauliza."

Musoki alikimbia pekupeku, mimi nyuma yake. Mti mmoja ulikuwa umeshalala, umeponda mibuni chini yake. Bwambale alikuwa anajitayarisha kwa wa pili. Musoki akasimama kati yake na shina, akihema, akamweleza. Bwambale akauliza wanalipa ngapi.

Kumbe hata kwenye simu Musoki hakuwa ametaja bei.

Akapiga palepale, shoka likiwa mbele ya uso wake. Niliogopa atasema tena wabebe tu. Kisha akataja bei, mara moja, bila kuomba radhi, na haikuwa ndogo.

Adong alikubali. Bwambale akaweka shoka chini, akaketi juu ya mti alioukata, asijue atazame wapi.