Sauti ya Mama Ndani ya Laptopu

Mama alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye laptopu yangu. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu miezi yake ya mwisho, hapa nyumbani Changamwe: akisimulia alivyokuja mjini akiwa msichana, akicheka, akifukuza kuku. Simu ilipojaa nikahamishia yote kwenye laptopu, nikaweka na neno la siri. Nakala moja niliitia kwenye flashi, nayo nikaifunga kwa neno hilohilo. Flashi nikaitia mfuko wa pembeni wa begi la laptopu, isije ikapotea. Wakati huo niliona nimefanya jambo la maana.

Kaka yangu alinicheka. "Hata mkeo hujamfungia hivyo!"

Matanga yakaanza, watu wakajaa. Kwetu nyumba ya matanga haifungwi. Anayekuja kulia huingia mpaka vyumbani. Nilipotaka kufunga chumba changu, mama mdogo, dada yake mama, alinishika mkono.

"Mwanangu, wataka watu waseme tumewaita wezi?"

"La, mama."

"Basi acha wazi."

Nikaacha. Simlaumu. Mimi mwenyewe niliona haya.

Asubuhi ya mazishi begi halikuwepo, na laptopu na flashi zilikuwa ndani yake. Tulikuwa tumepanga sauti ya mama isikike kwenye ibada, na mwenye spika alishaunganisha nyaya zake hemani. Akanijia: "Ndugu, ile sauti i wapi?" Nikamwambia haipo. Mchungaji akasema basi tuimbe. Tukaimba.

Kaka alitaka kupekua mizigo ya wageni, nikakataa. Watu hao walilala chini kwa ajili yetu, wakapika, wakachota maji. Pengine hata si mgeni. Mlango ulikuwa wazi kwa mtaa mzima. Huenda aliyechukua alikuwa na shida. Sijui, na si haki niandike nisilolijua.

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta pale stejini, kwenye kituo cha matatu. Akasema aliyeinunua laptopu kwa mwizi atapiga Windows upya tu, na kila kitu kitafutika.

"Na neno langu la siri?"

"Hilo halimzuii kufuta."

"Na kama angetaka kusikiliza kwanza, akaona ni sauti ya mtu, akairudisha?"

"Asikilize vipi, nawe umefunga?"

Hilo halinitoki kichwani. Hata mwizi mwenye huruma nilishamfungia mlango, mlango pekee niliofunga.

Juzi nilimwendea mama mdogo. Watu husema sauti zao zilifanana. Nikamwomba aseme vile mama alivyokuwa akifukuza kuku.

"Wewe nawe!" akacheka. Kisha akakohoa, akasema: "Tokani! Hamna kwenu nyinyi?"

Nilikuwa nimefumba macho. Niliyemsikia ni mama mdogo.

"Ndivyo?" akaniuliza.

Nikamjibu ndivyo. Kusema kweli sikuwa na hakika. Nilijaribu kuikumbuka ile yenyewe niilinganishe, na kila nikijaribu inakuja hii ya mama mdogo.