Vema Mbele ya Ilagala

Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi nyingine nazipeleka zisikotakiwa. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, nikifuta, na karatasi hizi zimenichukua siku nyingi, kwa hiyo atakayezipiga chapa anisahihishie. Lakini asiniondolee kosa lile lingine. Hilo aliache kama lilivyo.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa katika klabu yetu ya redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana, pale Mwanga, Kigoma. Ilikuwa miaka ile watu wanavuka ziwa kutoka Kongo na wengine wanarudishwa, na simu za mkononi hazijatufikia. Mbele ya watu sikuweza kusema. Nikisalimiwa njiani naangalia viatu. Kwenye redio nilisema, kwa sababu hakuna anayekuona, na kwa hiyo Mzee mwenyekiti, aliyekuwa fundi wa reli kabla ya kustaafu, alinipa zamu ya kuita vituo kila siku saa moja asubuhi. Hatukuitana kwa majina ila kwa mahali. Mimi nilikuwa Mwanga. Kulikuwa na Bandari, mwendesha winchi, na Kalinzi, mkulima wa kahawa aliyefungua kila mazungumzo kwa "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, na kuyafunga kwa utani. Na kulikuwa na Mama wa Ilagala.

Mumewe, fundi wa injini za boti, ndiye aliyekuwa mwanachama. Walikimbia pamoja kutoka ng'ambo, wakafikia kwa ndugu Ilagala, akafa akiacha redio aliyoiunda mwenyewe. Mama akaendelea kuitumia. Mtoto wao wa kiume aliwapotea siku ya kukimbia. Kila asubuhi nikishaita Ilagala, aliitika, akasalimu wote, kisha akauliza neno moja.

"Bado?"

"Bado, Mama."

Sauti zetu zilipitia mtambo uliokuwa juu ya mlima upande wa Kalinzi. Ripita, tuliuita. Unasikia sauti dhaifu ya mtu wa bondeni na kuirudisha kwa nguvu hadi kwa wote. Ulikuwa umechakaa. Nyigu walijenga ndani ya sanduku, na radi yoyote, injini yoyote ya pikipiki, iliufungua ukaanza kukoroma masikioni mwetu. Tulipopata mwingine, Mzee alitueleza kwamba huu hauamki kwa kila kelele. Kila redio lazima itoe mlio mdogo ambao sikio halisikii, na mtambo ukiusikia ndipo unafungua. Redio isiyo na mlio huo itaendelea kusikia wenzake wote, lakini yenyewe haitasikika kwa yeyote.

Mlio ulitoka kwenye kadi ndogo kama ukucha. Nilikuwa na mkono uliotulia, basi kazi ya kulehemu kadi ndani ya redio zote tisa ikawa yangu. Mzee aliandika vituo kwenye daftari, nami nikimaliza kimoja naweka alama ya vema mbele ya jina lake.

Nilikwenda Ujiji. Nilipanda Kalinzi kwa pikipiki, mwenye redio akanicheka kwamba nimekuja kuipa chanjo. Ilagala sikwenda. Nilikuwa nimefika kwake mara moja kabla ya hapo, akanishika mikono miwili, akaniangalia usoni na kuniuliza lile neno lake, na sikuwa na redio ya kujificha nyuma yake. Nililia kwenye boti njia nzima ya kurudi. Safari hii nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema ziwa limechafuka. Siku ya kupandisha mtambo mpya Mzee aliomba daftari, nami nikaweka vema mbele ya Ilagala, kadi yake ikiwa kwenye kibweta cha nyuzi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata sauti zilikuwa safi kama watu wamekaa chumba kimoja. Nikaita Ilagala. Kimya. Kalinzi akasema labda Mama kameza redio pamoja na samaki wake wa mgebuka. Siku zikaenda. Mzee aliangalia daftari, akasema kadi imewekwa, kwa hiyo tatizo si redio, bila shaka amehama, amerudi kwao na wenzake. Wote wakakubali. Vema langu ndilo lililomhamisha.

Wiki ya tatu Bandari alipita nyumbani jioni. Alisema kwenye banda la bandarini kuna kijana amekuja na kundi kutoka kambi ya wakimbizi, anasubiri meli ya kurudi Kongo, haruhusiwi kutoka nje. Katika foleni amesikia kuwa mama mmoja wa kwao, aliyepotelewa na mwana siku ya kukimbia, yuko Ilagala na anasema kwenye redio. Kesho yeye Bandari atamwazima redio yake. Ila kumpa mtu asiye na kibali ni kosa, basi kijana hatataja yuko wapi, na mimi nisimuulize.

Kesho yake, nilipomaliza zamu, kijana akaingia redioni.

"Ilagala, Ilagala. Mama, ni mimi. Kama unanisikia, jibu."

Alirudia mara nyingi, akiacha nafasi kila mara. Katika kila nafasi mimi nilijua. Nilijua mama yuko pale, anamsikia, anajibu, na mtambo haumfungulii. Kipaza sauti cha redio kilikuwa mkononi mwangu. Ningesema maneno machache tu: Mama, hatukusikii, panda boti uje Kigoma leo. Lakini wote walikuwa wanasikiliza, na Mzee angeuliza kwa nini redio yenye vema haisikiki. Nilijiambia namlinda Bandari. Si kweli. Nilikuwa najilinda mimi.

Siku ya pili aliita tena. Sauti ilikuwa imechoka. Alisema, "Basi, Mama, mimi naenda," na hapo nikabonyeza.

"Mama wa Ilagala, hapa Mwanga. Redio yako haina kadi. Unatusikia, hatukusikii. Njoo bandarini sasa hivi."

Nikakimbia bandarini, lakini kijana alikuwa amesharudisha redio na kundi lake limeshapandishwa melini.

Meli iliondoka saa sita. Mama alifika saa nane na boti ya wavuvi, redio ya mumewe ameifunga kwenye kanga. Nilikuwa nimesimama gatini naangalia viatu. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha ziwa. Alikaa chini juu ya kamba za meli.

"Nilimjibu jana," akasema. "Nilimjibu na leo. Amekuwa na sauti ya baba yake. Hiyo kadi ni kitu gani?"

"Kitu kidogo tu, Mama."

"Basi ungeniletea."

Hakusema kwa hasira. Alidhani nilisahau. Kisha akanishukuru kwa kumwita, akafungua ncha ya kanga na kunipa dagaa wakavu aliokuwa amembebea mwanawe. Nilipokea. Sikumwambia habari ya daftari. Mzee hakuniuliza chochote, akafuta lile vema kwa wembe, na kutoka siku ile zamu ya asubuhi akaishika mwenyewe.

Kadi niliiweka juma lile lile, nikiwa nimekaa sakafuni kwake. Baada ya miezi michache vita vikarudi ng'ambo, na hatukupata habari ya kijana tena. Mama bado yuko Ilagala. Karatasi hizi nataka nimsomee mimi, kabla hajasomewa na mwingine.

Naomba mnaosoma mniandikie kupitia klabu, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Zaidi ya wote naomba wewe uliyeita Ilagala asubuhi mbili, au aliyesafiri nawe kwenye meli ile. Mama yako alikujibu. Kila ulipoacha nafasi, alijibu. Andika useme uko wapi.