Tulivyofunga giaboksi ya van uani Kigera, beringi ikaenda ziwani

Wakuu, mko salama?

Hii ni ya kwetu Musoma, na chumvi sijaongeza. Anayebisha aje Kigera, mawe tuliyopandishia gari bado yapo uani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Spea zimeanza kuonekana madukani, ila kuziona ni kitu kimoja, kuzipata ni kingine.

Baba alikuwa na van ya kubebea samaki kwenda Bunda. Giaboksi ikafa. Gari likakaa uani mpaka kuku wakaanza kutagia ndani.

Mwishowe akakubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi alichukue. Siku aliyotuambia, hakumaliza ugali wake.

Iliniuma wakuu.

Mimi ni wa darasa la saba tu, ufundi nimesomea kwa macho, kushinda gereji. Lakini nilikuwaga na ndoto kubwa. Daftari zima nimechora ile van, ubavuni MUSOMA–BUTIAMA EXPRESS. Nikamwomba anipe nafasi.

Akasema, "Likitembea, haliuzwi. Lisipotembea, usinililie."

Nikaenda Bunda na baiskeli yangu, nikarudi na giaboksi iliyotumika. Baiskeli ikabaki kule (msicheke).

Jeki hatuna. Ijumaa jioni mjomba Magesa akaja na wavuvi wenzake watatu. Wakaifunga giaboksi mbovu kwa wavu mkuukuu, wawili huku, wawili kule, wakaishusha kwa wimbo kama wanavuta wavu wa kokoro. Raha tupu.

Beringi ya klachi niliichomoa kwenye ile mbovu, maana niliyoleta ilikuja bila yake, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaianika juu ya jiwe. Bila hiyo giaboksi haifungwi.

Jumamosi asubuhi, jiwe liko tupu.

Nikatafuta mpaka kwenye viota vya kuku. Mama nikamhoji kama polisi, akanifukuza na mwiko.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu chuma kizito chenye tundu hakipitwi na mvuvi. Anakifunga kwenye wavu, kinakuwa uzito wa kuuzamisha.

Nikakimbia ziwani hadi mwaloni, mitumbwi inakofikia. Mjomba ndio anafika na mtumbwi.

"Mjomba, kile kichuma cha juu ya jiwe?"

"Kizuri sana kile," akasema. "Wavu umetulia chini kama jiwe la kusagia."

Tukaupekua wavu wote, beringi tukaikuta imening'inia pembeni ya sato mmoja mnene. Nikaifuta, nikaipaka grisi, wavuvi wote nyuma yangu mpaka nyumbani.

Mnunuzi akafika na lori tukiwa bado tunanyanyua. Baba akampa uji. Alipomaliza, akampa mwingine.

Nikakaza bolti ya mwisho, tukalishusha gari. Baba akapanda mwenyewe. Akatia gia ya kwanza, kuku wakaruka madirishani, van ikatembea mpaka barabarani na kurudi. Beringi ilikuwa inalia kidogo. Mjomba akasema imelikumbuka ziwa.

Baba akashuka, akamwonesha mnunuzi giaboksi mbovu pale chini.

"Chuma chako kile pale."

Mchana ule alikula ugali na yule sato, akaomba uongezwe.

Nilichojifunza: ndoto yako usiifungie kwenye daftari, waite watu wakusaidie kuinyanyua. Ila kabla hawajaondoka, hesabu vyuma vyako.

Express yenyewe haijaanza hadi leo, lakini daftari ninalo.

Nanyi wakuu, nani alishafungua gari uani kwao? Kilipotea nini, na mlikikuta wapi?