Namsikia Mtoto

Eti wewe, ukiwa na njaa, unaisikia kwa sikio? Usicheke! Sisi huku Olmotonyi njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, hata uchungu wa kuzaa tunausikia. Mimi shule niliionea dirishani nikimpelekea mwalimu maziwa, lakini hilo nalijua.

Basi ni miaka ile mitumba imeruhusiwa. Binti yangu anauza magauni sokoni Levolosi, mdomo kama redio. "Dada, hili gauni lina kiuno, wewe ndio huna!" Na wananunua! Akazaa mtoto wa kiume, mtoto akafariki bado ananyonya. Binti akanyamaza. Hali, halali, anashika titi tu. Nikampeleka hospitali, kwa daktari wa akili.

Daktari mwenyewe kijana, ana adabu, shikamoo yake ya kuinama. Akamwuliza, "Unasikia nini, dada?"

"Namsikia mtoto."

"Anafanya nini?"

"Analia. Humu." Akashika titi.

Maziwa yamejaa, jamani! Yanamvuta, anamsikia mtoto mwilini kama mzazi yeyote. Nikafungua mdomo, "Daktari mwanangu, huyu anasema..."

"Mama, tusubirie nje kidogo. Mgonjwa ajieleze mwenyewe."

Nikakaa kwenye benchi. Baadaye nesi akatoka. "Binti yako anasikia sauti ya mtu ambaye hayupo. Analazwa."

Dawa zikamkausha. Shingo ngumu, mate yanadondoka, ule mdomo wa sokoni kama umeshonwa. Kila asubuhi wanamwuliza, "Unasikia kitu?" Akisema namsikia mtoto, wanaongeza dawa. Siku moja akasema, "Sisikii kitu." Daktari akafurahi kweli, akanishika mkono. "Mama, amepona!"

Nikarudi naye nyumbani. Nikampikia loshoro, mahindi na mtindi, chakula alichokuwa anagombania na kaka yake.

"Mwanangu, unasikia njaa?"

"Sisikii kitu."

Mvua ya mlimani inanyesha, anatetemeka. "Unasikia baridi?"

"Sisikii kitu, Mama."

Akakonda hivyo hivyo, chakula hagusi, na mpaka tunamzika kule migombani, karibu na mwanae, jibu lake lilikuwa hilo hilo.

Juzi nikamsimulia mjukuu wangu, mtoto wa huyo kaka yake, anasomea udaktari. Akalia, nami machozi yananitoka nikamtania, "Daktari gani wewe, unalia kabla ya mgonjwa?"

Akajifuta uso. "Bibi, nakuahidi. Mgonjwa akiletwa na mama yake, mama simtoi nje."