Kona Nyuma ya Nyumba Yetu

Ipo asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimerudi Hombolo likizo kutoka sekondari, na mdogo wangu Elia alikuwa amemaliza kujenga njia ya mbio nyuma ya nyumba.

Aliijenga kila mwaka baada ya mtama kuvunwa, na kila mwaka mvua za Desemba ziliiyeyusha. Alibeba udongo wa kichuguu, akauchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, akaukandika kwenye mteremko wa ua, kisha akausugua kwa jiwe la korongoni hadi ukang'aa. Watoto wa jirani walikuja kushindana kwa vigari vya mbao vya kupanda. Mpaka leo, upepo wa baridi ukivuma, natamani kuyasikia magurudumu yale yakiteremka.

Elia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemshinda. Jumamosi iliyotangulia aliniacha mbali sana, watoto wakanicheka. "Msomi," mmoja aliniambia, "wewe baki huku juu, utusukume." Neno dogo tu, lakini nililala nalo wiki nzima.

Basi Jumamosi hiyo, wenzangu wakiwa bado wanakunywa uji, nilichukua nusu ndoo ya maji nikaimwaga kwenye kona, upande wa nje alikozoea kupita Elia. Udongo ule ukikauka huwa mgumu kama sakafu ya saruji. Ukilowa tena, huteleza kama sabuni. Nilitaka ateleze tu, wamcheke na yeye.

Aliteleza. Kigari kiligonga zizi la ng'ombe, na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Nilipomfikia hakuwa analia. Alikuwa akiipapasa ile kona kwa mkono mzima.

"Nimekosea kuchanganya, Kaka," alisema. "Nimeweka majivu kidogo mno, udongo umenyonya umande."

Nikamjibu, "Pengine."

Maji niliyamwaga kwa hasira ya ujana. Lakini neno hilo nililitamka nikimwangalia usoni.

Shangazi, aliyetulea, alikuwa ameiona ndoo. Jioni aliniita jikoni, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mfupa utaunga. Ila huyu sasa haiamini tena mikono yake, na hilo siwezi kulifunga kitambaa. Kamwambie."

"Nitamwambia, Shangazi."

Sikumwambia. Kwanza nilingoja apone, kisha likizo ikaisha, kisha nikapata kazi mjini, na kila mwaka uliopita ulizidisha ugumu wa kuanza. Elia hakujenga njia nyingine. Fundi mwashi wa kijijini alipomwita akajifunze kazi kwake, alikataa. Alisema ukuta wake utakuja kumwangukia mtu. Akahamia Kibakwe, akalima maharage.

Mwaka jana nilimfuata huko. Shangazi tulishamzika zamani, hakuna aliyekuwa akinihimiza tena. Nilimkuta uani anapukuchua maharage, nikakaa, nikamweleza yote. Aligeuka akautazama ukuta wa nyumba yake.

"Nyumba hii," alisema, "nimewaita watu waipige lipu mara tatu. Nasimama pembeni nawatazama. Naona kabisa pale wanapokosea, halafu nanyamaza, maana najiambia mimi ni nani."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe, Kaka. Ila ungekuja mapema kidogo. Sasa mikono inatetemeka."

Akanisogezea ungo, tukaendelea kupukuchua.

Mwanangu, ukimsikia mtu akijilaumu kwa kosa ulilolifanya wewe, msahihishe hapo hapo, kabla hajainuka alipoangukia. Usijidanganye kwamba kwa kuwa hukusema mengi hukusema uongo. Aibu ya kukiri ningeimaliza kabla likizo haijaisha. Hii nyingine, ya kunyamaza, nimezeeka nayo. Msamaha nimeupata, nashukuru, lakini haukumpa Elia kuta ambazo angezijenga.

Mungu akupe moyo wa kusema mapema. Awaepushe wadogo zako na ukimya wako, na kila mwenye kipaji nyumbani kwako akitumie angali na nguvu. Amina.