Pampu Iliyogoma Kila Asubuhi

Ami yangu Machano hukereza vyuma katika karakana moja ya mtaa wa Malindi. Mashine yake ina pampu ndogo chini, inayomwaga maji meupe kama tui juu ya chuma kinapokatwa, kisipate moto. Niliwahi kumuuliza: maji yasipotoka, je?

"Kisu kinaungua, chuma kinapinda, nami nnafukuzwa."

Mwaka huu wa 1969 nusura yamkute. Mafuta ya kigeni ya kuchanganya na maji hayo yalikwisha Januari, kwenye joto la kaskazi. Ami akatia mafuta ya nazi na sabuni ya mche. Mambo yakenda, akajisifu mtaa mzima.

Julai pampu ikagoma. Asubuhi inanguruma tu, maji hayatoki. Ikifika adhuhuri yanatoka yenyewe! Aliifungua mara tatu: mota nzima, mapanga ya kusukumia maji nayo mazima. Mkuu wake, Bwana Muhiddin, akachoka.

"Machano, mwisho Alkhamisi. Ikishindikana naifunga mashine, nawe utakwenda Kizimbani kupalilia mikarafuu."

Ami ana miaka kumi na minane kwenye mashine ile. Siku mbili hakula cha maana.

Alkhamisi asubuhi tunakunywa chai, mkewe, Bi Kidawa, akataka kupaka nywele mafuta. Akaipindua chupa, hakikutoka kitu.

"Hebu tazameni, mafuta ya nazi yameganda kama jiwe! Kipupwe gani hichi? Nitieni chupa juani."

Ami akaikodolea chupa macho, kipande cha mkate mkononi. Mara akainuka.

"We Machano! Wapi, na chai hujanywa?"

"Nnakwenda kuitia pampu juani!"

Aliporudi jioni ndipo tulipopata habari kamili. Alifungua chujio la pampu, ambalo kabla hakulitazama, akalikuta limezibwa na donge jeupe. Mchana lilikuwa likiyeyuka, ndiyo maana! Akalimwagia birika zima la maji moto, akawasha. Maji yakaruka mpaka kwenye shati la Bwana Muhiddin.

"Imepona?"

"Haikuwa mgonjwa, bwana. Ilishikwa na baridi. Mafuta niliyatia mimi, kosa langu."

Bwana Muhiddin akajifuta shati. "Basi mpaka kipupwe kishe, uje na birika lako. Rudi kwenye mashine yako, mpishi mkubwa we!"

Ami alikuwa akisimulia huku anakula. Alimaliza sahani mbili za wali, na ya pili ilikuwa yangu.