Ndoo Mlangoni Kwangu

Nichekeni tu. Nilitoka Kenya na shirika la misaada kukagua matangi ya maji ya mvua Chilangala, huko Newala, kusini mwa Tanzania. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyewahi kuniwekea maji ya kuoga. Hapo, kila asubuhi nilikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni. Siku moja nikamwona Mama Zuhura, mjane jirani, akiitua. Moyo ukanidanganya. Nikanyoa ndevu zangu za mvi, nikaomba na ndoo ya jioni.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama, nikamshukuru kwa upendo wake. Watu wakainamisha vichwa.

“Baba,” Mama Zuhura akasema taratibu, “maji tunapanda nayo kutoka bondeni. Kila nyumba ina zamu yake ya mgeni. Yangu ilikuwa Jumanne tu. Kwani unaondoka lini?”